Ukili wa Bibi

Hakuna jambo kubwa la maisha ya Mpemba lililozoeleka kufanyika juu ya kiti. Wazee wetu walizaliwa juu ya mkeka, wakaanza alifu juu ya jamvi la chuoni, wakaozwa wamekaa kitako mbele ya shehe juu ya mkeka mpya. Walikula, wakalala na wakasali hapohapo chini. Na walipokufa, jamaa na majirani walikuja kukaa matanga juu ya mikeka ileile iliyokuwa ikitandikwa siku za harusi. Kila mmoja katika mikeka hiyo ulipita katika vidole vya mwanamke fulani, uchane baada ya uchane, na mara nyingi waliokalia kazi yake hawakuuliza jina lake.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa katika wanawake hao. Aliishi kaskazini mwa Pemba, upande wa Konde, akasuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka, tangu utotoni mpaka macho yalipomkataa, na hata hapo vidole viliendelea. Nataka kumsifu kwa kuisifu kazi yake, kwa sababu sijui namna nyingine ya kumweleza. Wapo watu ambao ukiwakumbuka unaweza kutenga: hapa imani yao, hapa nyumba yao, hapa wema wao kwa watu. Kwa bibi mambo hayo matatu yalikuwa kazi moja, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwake saa zote.

Ukindu hutoka kwenye mkindu, mti wa jamii ya mtende unaopenda maji, nasi Pemba tumejaliwa mabonde. Huota kandokando ya mashamba ya mpunga na kwenye vinamasi, vishina vingi vimesongamana pamoja, na chini ya kila kuti pana miiba mirefu isiyomsamehe mwenye haraka. Yanayotakiwa ni makuti machanga ya katikati, yale ambayo bado hayajafunguka. Hapo bondeni ndipo nilipoiona dini ya bibi kwanza, kabla sijaanza kumtazama akisali. Alikata kuti moja katika shina, akahamia shina jingine. Sisi wajukuu tuliofuatana naye tulitaka tumalize upesi turudi, maana bondeni kuna mbu na ruba. Yeye alisema kishina kikiondolewa moyo wake hakirudi tena, na mtu aliyeua mti bila haja ataulizwa. Hakututajia nani atakayeuliza. Tulijua.

Majani huvuliwa kwenye uti wa kuti, yakaanikwa juani mchana na kuachwa nje usiku yapigwe na umande, siku kadhaa, mpaka ukijani utoke na ukindu ubaki mweupe. Mvua ya ghafla katika siku hizo ni hasara, kwa sababu ukindu ulionyeshewa hufanya madoa ya ukungu yasiyotoka. Ndiyo maana nyumbani kwetu hata watoto wadogo walijua kutazama mawingu. Sehemu ya ukindu hutiwa rangi, nyekundu, kijani au zambarau, kwa unga wa dukani unaochemshwa katika sufuria kuukuu isiyopikiwa tena chakula. Rangi nyeusi wazee waliipata kwa mdaa, na bibi aliujua mdaa, ila alikubali kwamba rangi ya dukani inampumzisha.

Kisha kuchana. Kila jani hupasuliwa kwa ncha ya sindano au kwa ukucha, likatoa chane nyembamba za upana mmoja, na hapa ndipo fundi hujulikana kabla hajaanza kusuka. Chane zisipolingana ukili huenda upande, na ukili ulioenda upande hakuna mshonaji wa kuunyosha. Chane huroweshwa kidogo zilainike. Msukaji huanza na chache, akaongeza mpaka apate upana autakao, halafu mikono yote miwili inashika mwendo: pitisha juu, pitisha chini, geuza, vuta, chomeka uchane mpya pale wa zamani unapokaribia kwisha, na chomeka kwa namna ambayo jicho halitaona maungio. Ukili hukua pima kwa pima na kukunjwa bunda. Wa jamvi huwa mpana na mnene, tena mara nyingi wa miyaa, ambayo ni migumu kuliko ukindu. Wa msala husukwa kwa chane nyembamba kabisa, maana uso wa mtu utaugusa. Ukitosha, ncha zinazochomoza hukatwa, ukili hupangwa ubavu kwa ubavu ukashonwa kwa sindano kubwa, na kingo hupigwa pindo ili mkeka usifumuke. Nimeyaeleza haya kwa mistari michache. Kwa mikono ni majuma.

Kazi hii ina neema moja ambayo sikuiona katika ufinyanzi wala katika kufuma: haimfungi mtu mahali. Mwanamke wa Pemba husuka akienda shamba, akirudi kisimani, akingoja gari, akimbembeleza mtoto kwa mguu. Bunda liko kwapani, vidole vinakwenda, na macho yako huru kutazama njia na watu. Bibi hakuwa na saa maalumu ya kusuka. Alisuka katika zile dakika ambazo watu wengi huziacha zipotee, na nikiutazama mkeka wake leo naona humo maelfu ya dakika ndogo za namna hiyo, zimeunganishwa na kubaki.

Alisuka kwa uradi. Alianza kwa bismillahi, na kila alipovuta uchane midomo yake ilisogea. Mgeni angedhani anahesabu chane, kumbe anamtaja Mola wake. Tasbihi alikuwa nayo, nzuri, aliyoletewa na jamaa yake aliyekwenda kuhiji, lakini aliitumia baada ya sala tu. Saa nyingine zote ukili ndio uliokuwa tasbihi yake. Adhana iliposikika aliweka chini kila kitu, hata kama alibakiwa na uchane mmoja kumaliza pima. Jambo hilo lilinishangaza sana nilipokuwa mdogo, kwa sababu mimi nilipenda kumaliza kwanza. Yeye aliona kwamba kazi isiyoweza kungoja sala imeshamtawala mwenyewe.

Alikuwa na sheria moja ambayo sijaisikia kwa msukaji mwingine. Ukili wa vikapu na majamvi aliusuka barazani pamoja na wenzake, na barazani yalizungumzwa yote, nani ameposwa, nani ameachwa, sukari imepanda bei. Ukili wa msala haukutoka barazani. Aliusuka ndani, baina ya alasiri na magharibi, akiwa na udhu wake. Jirani akija na habari za watu alikaribishwa, akapewa maji au chai, na bibi akauweka ukili wa msala kando, akavuta wa kikapu. Siku moja mama alimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, ukili si ukili tu? Bibi akamjibu, “Huu utasujudiwa, mwanangu. Nisije nikausuka na nyama ya mtu ndani yake.” Aliyesoma Suratul Hujurat anajua alikusudia nini, maana humo msengenyaji amefananishwa na anayekula nyama ya nduguye aliyekufa. Nimesikia mawaidha mengi juu ya kusengenya katika maisha yangu. Hakuna lililonikaa moyoni kuliko kuona mkono wa bibi ukibadilisha ukili.

Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, iliyokuwa kipenzi chake ni ile ya Anas bin Malik kuhusu bibi mmoja anayeitwa Mulayka. Mulayka alimwalika Mtume kwa chakula alichokipika mwenyewe. Mtume akala, kisha akawaambia waliokuwapo wainuke awasalishe. Anas akautwaa mkeka wao, uliokuwa umeshaingia weusi kwa kutumika muda mrefu, akaunyunyizia maji. Mtume akasimama juu yake, Anas na yatima mmoja wakapanga safu nyuma yake, na yule bibi nyuma yao. Rakaa mbili, kisha akaondoka. Bibi alitusimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alipofika kwenye mkeka alipunguza kasi. Alipenda kwamba haukuwa mpya. Alipenda kwamba Mulayka hakutajwa kwa mali wala kwa ukoo bali kwa chakula alichopika, mkeka wa nyumbani, na mahali aliposimama katika safu. “Angalia,” alikuwa akituambia, “hakutoa ila alichokuwa nacho chini.”

Karani wa sensa asiyejua hati ya Kiarabu angemwandika bibi kuwa hajui kusoma. Alikhitimu Qur'ani akiwa msichana, na barua zake kwa ndugu zake wa Unguja aliziandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya watu wengi wa kizazi chake na waliotangulia. Alipanga nakshi za rangi kichwani, akijua nyekundu itatokeza wapi baada ya pima ngapi, bila ya karatasi wala kipimo chochote isipokuwa dhiraa ya mkono wake. Shaaban Robert alimwandikia wasifu Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akichukua vyungu kichwani kwenda kuuza mjini kabla sauti yake haijajulikana, na kwa kitabu hicho tunamshukuru mpaka leo. Lakini Siti aliandikwa kwa sababu aliimba. Wanawake waliobaki na vyungu vyao na kili zao nao walikuwa mafundi, na fasihi yetu bado ina deni lao.

Kuna jambo linalosahauliwa tunapoizungumza Pemba na karafuu zake. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba, ambayo haikuumia kwa kiasi hicho, ndiyo iliyokuwa shamba kubwa la karafuu la visiwa hivi. Vitabu husimulia habari za mashamba, wafanyabiashara na meli. Lakini karafuu mbichi si mali bado. Ichumwe, ichambuliwe itengwe na makonyo, kisha ianikwe siku kadhaa juani na kukusanywa kila jioni kabla ya umande, na huanikwa juu ya majamvi. Mpaka leo wakulima huhimizwa waanike juu ya majamvi, wala si juu ya lami au sakafu, ili karafuu ibaki safi na yenye daraja. Maana yake ni kwamba utajiri wote ule ulikaukia juu ya kazi ya wanawake. Kabla ya kila msimu bibi alikuwa akisuka majamvi usiku kwa mwanga wa kandili, na msimu ulipofika watu walikuja kuyachukua kwa fedha, kwa mkopo, au kwa ahadi ya pishi za karafuu.

Babu alikuwa na eka tatu alizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Mikarafuu ilipozaa, nyumba ilicheka. Halafu katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka, kwa kuwa Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu nyingi kutoka kwetu kwa ajili ya sigara zake, ilikuwa imeshapanda ya kwake ikajitosheleza. Kijijini hakuna aliyeelezwa sababu hiyo. Watu waliona tu kwamba gunia lililonunua mabati mwaka ule halinunui nguo mwaka huu. Katika miaka hiyo ukili ndio uliowaweka mama na ndugu zake skuli. Kwa sheria ya dini na kwa mila, fedha ya mkono wa bibi ilikuwa yake peke yake, hakuna aliyekuwa na haki ya kumuuliza. Babu hakumuuliza. Bibi aliigeuza fedha hiyo kuwa madaftari, sare, mafuta ya taa na nauli, na iliyobaki aliitia katika upatu wa wanawake wenzake, na upatu ulipomwangukia alimlipia gharama za skuli mtoto wa jirani aliyefiwa na baba. Mama yangu alimaliza sekondari kwa fedha ya vikapu na mikeka. Mimi ninayeandika haya ni tunda la hapo.

Lakini iliyomfanya ajulikane kutoka kijiji hata kijiji ni mikeka ambayo hakuiuza. Alikuwa na rundo lake, imekunjwa, imesimamishwa pembeni mwa ukumbi, kila mmoja umepigwa uchane mmoja wa zambarau pindoni ili utambulike. Hiyo ilikuwa ya watu. Palipokuwa na harusi ilikwenda, palipokuwa na maulidi ilikwenda, na palipokuwa na msiba ilikwenda kabla hajafika mtu wa kuiomba. Alipopata habari ya kifo alisimama, akajitanda kanga, akawaita vijana wabebe, na mwenyewe akatangulia, kwa kuwa alikuwa pia miongoni mwa wanawake walioitwa kuosha maiti wa kike. Alikuwa akisema aliyefiwa asiachwe hata dakika moja akifikiria watu watakaa wapi. Mikeka ilirudi ikiwa imeungua kwa kaa la chetezo, imemwagikiwa mchuzi, mingine haikurudi. Aliifua, akaianika, akaishona palipofumuka. Ile isiyorudi hakuifuata kamwe, na binti zake walipolalamika aliwaambia imepata kazi kwingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitokea Unguja kuja Pemba. Hakuna haja ya kumweleza Mpemba siku hizo zilikuwaje. Msiba haukuwa mmoja katika kijiji. Ilikuwa nyumba hii, na ile, na ya mbele yake. Rundo la mikeka ya bibi likaisha asubuhi ileile, akatoa ya vitanda, akatoa na msala wake. Palikuwa na nyumba ambazo hazikuwa na maiti wa kuosha wala wa kuzika, kwa sababu bahari haikuwarudisha wote, na jamaa hawakujua waanze vipi kulia. Bibi, mzee wa kushikwa mkono, alikwenda kwenye nyumba hizo. Alitandika mkeka katikati ya ukumbi kama ambavyo angetandika pangekuwa na maiti, akakaa pembeni mwake, akaanza Yasini. Watu wakaja, wakakaa, na matanga yakawa matanga. Mama mmoja aliyepoteza mtoto wake siku ile aliniambia miaka baadaye kwamba hakumbuki maneno ya pole ya mtu yeyote. Anakumbuka ule mkeka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi ya mikono ya bibi na huduma yake havikuwa vitu viwili vilivyokutana. Mkeka ni mahali. Anayeutandika anawapa watu pa kukutania na pa kulilia, na anayeusuka ameyaandaa hayo mapema sana, wakati hajui nani atayahitaji.

Leo nyumba nyingi zimetandikwa mikeka ya plastiki. Sitailaumu, ni rahisi, inafulika, na mwenye kipato kidogo hana budi kununua anachokiweza. Ninachokilalamikia ni bei tunayompa msukaji. Nimesimama sokoni nikaona mkeka wa ukindu, wa rangi tatu, uliopigwa pindo mara mbili, ukipunguzwa bei mpaka muuzaji akanyamaza, na mnunuzi akaondoka akifurahi. Fedha aliyotoa haikulipa hata kuchana. Mtu huyohuyo akienda kwa fundi seremala hathubutu kumlipa nusu tu ya alichoambiwa. Tumezoea kuiona kazi ya ukili kama kitu kinachotoka chenyewe kwa wanawake, kwa hiyo tunalipa majani tu. Hiyo ni dhuluma, na inasababisha wasichana waliojaliwa vidole vizuri kabisa kuuacha ukili, nami siwezi kuwalaumu pia.

Bibi alifariki akiwa nyumbani kwake, baina ya watoto wake. Mkeka wake wa mwisho alikuwa ameshausuka zamani, mweupe mtupu bila rangi, akauhifadhi juu ya kabati, na sote tuliujua ni wa nini. Ulitandikwa ndani ya jeneza akalazwa juu yake. Baada ya maziko, kwa usia wake, ulipelekwa msikitini pamoja na ile ya uchane wa zambarau iliyokuwapo siku hiyo. Waliokuja kumzika walikuwa wengi kuliko mikeka, na wengine walikaa juu ya majani ya migomba.

Ukikutana na mama anayeuza mkeka wa ukindu, mpe bei aliyoitaja. Muulize umemchukua muda gani, na muulize jina lake, ili ukiutandika nyumbani kwako ujue umekalia kazi ya nani. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, msomee bibi yangu Fatiha, au muombee kwa namna ya imani yako, yeye na wote waliotusukia.